Mwalimu Obedi Chilongani na Majina Aliyoyaruka

Mchungaji, viongozi wa kijiji, walimu, ndugu na majirani mlioacha shughuli zenu mkaja Hombolo leo, Jumamosi tarehe 19 Oktoba 2024, familia imenituma mimi, Devota, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya kaka yangu, Mwalimu Obedi Chilongani.

Marehemu alizaliwa hapa Hombolo tarehe 9 Aprili 1988 kwa mujibu wa kadi ya kliniki, ingawa mama yetu, Emiliana, anashikilia kuwa ilikuwa Mei, watu wakivuna uwele, na kwamba aliyejaza kadi alikuwa na haraka zake. Tunasoma zote mbili kwa sababu marehemu mwenyewe alisisitiza, akiwa kitandani, kwamba palipo na kauli mbili zisomwe mbili.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa tangu 1996 hadi 2002, akaendelea na sekondari mjini Dodoma, akapata stashahada ya ualimu mwaka 2010, akafundisha Historia miaka mitatu, kisha akajiunga na chuo kikuu. Tarehe 14 Septemba 2013 alifunga ndoa na Ritha, wakajaliwa watoto wawili, Loisi na Joel. Alikuwa mbishi na mcheshi, mtu wa kuacha ugali upoe kwa sababu ya swali moja.

Mwaka 2016 aliandika utafiti wake kuhusu Mtunya, njaa iliyomaliza watu Ugogo mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wapo wanahistoria wanaosema chanzo ni mvua, wapo wanaosema ni majeshi yaliyobeba nafaka na ng'ombe, na marehemu aliwapanga vizuri, kila mmoja na ushahidi wake, lakini chuoni akaambiwa achukue msimamo, naye akadhani kuchukua msimamo ni kuwanyamazisha wengine. Akachagua majeshi, akaja kwa bibi yetu, Raheli, aliyemsimulia kutwa nzima kwamba ni kweli askari walibeba uwele, ila baba yake mzazi alificha kilindo kimoja cha nafaka, lile pipa la gome la mti, akawafukuza mlangoni watoto watatu wa kaka yake, wakafia njiani. Bibi aliwataja majina, akamwomba mjukuu wake ayaandike, kwa kuwa katika ukoo huu yalikuwa hayatajwi. Marehemu aliandika daftarini habari za askari tu, zile zilizobeba hoja yake.

Januari 2017 alileta utafiti huo ukiwa kitabu chenye jalada jekundu, kuku akachinjwa, na bibi akaniomba mimi nimsomee ukurasa wa 47 wenye jina lake. Uliposomwa mpaka mwisho akauliza watoto wako wapi. Bibi hakugomba, ila hakumsimulia Obedi jambo lolote tena, na akafariki tarehe 2 Juni mwaka huo huo.

Tangu hapo kaka yetu hakuwa na raha. Aliandika barua chuoni, akajibiwa kuwa utafiti uliokwisha kupitishwa haubadilishwi, akazunguka kwa wazee kutafuta majina ya watoto wale, mpaka Kolo alikoolewa shangazi mmoja, akakuta wengi wamekwisha kufa na waliobaki hawajui. Mwaka 2021 alisoma kazi ya mwanafunzi mmoja iliyonukuu ukurasa ule kama ushahidi wa Wagogo wenyewe, na siku hiyo hakula.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2023, akawa anasafishwa damu mjini Dodoma mara mbili kwa wiki, hadi alipofariki Jumatano tarehe 16 Oktoba 2024, saa kumi alasiri, Ritha akiwa pembeni yake. Aliacha wosia mmoja tu, kwamba majina ya watoto wale yasomwe leo mbele yenu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, walimu wenzake waliomfundishia vipindi alipokuwa hajiwezi, na majirani mliotuchotea maji na kutupikia siku zote hizi.

Sasa tunatimiza wosia kwa kadiri tulivyoweza. Mtoto wa kwanza aliitwa Nyemo. Majina mawili yanayofuata marehemu alijitahidi kuyakumbuka hadi siku ya mwisho, yakamkataa, nasi tumeuliza msiba mzima na hapa hakuna anayeyajua, kwa hiyo kwenye karatasi hii nafasi zake ziko wazi. Kaka, kutafuta kumekwisha, pumzika kwa amani.