Unga wa Karanga kwenye Uji wa Eliya

Mwaka juzi, mwezi wa nne, Jumamosi ya mvua, nilimpoteza binti yangu Rehema. Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nalisema hili leo mbele yenu, maana muda mrefu nilishindwa.

Rehema alikula kashata za karanga na wenzake uani kwetu, Kariakoo. Midomo ikavimba, pumzi ikakata. Tukasema amekula sumu, tukamnywesha maziwa, kama tunavyofanya siku zote. Hayakusaidia. Hospitali wakatuambia ni aleji, na kwamba tumechelewa.

Baadaye mdogo wake, Eliya, akalamba kijiko cha mchicha wa karanga, akavimba vilevile. Huyu tulimkimbiza hospitali, akapona. Mungu ni mwema! Lakini mimi hofu haikunitoka. Nilimfungia chumbani. Wenzake wakila sinia moja uani, yeye aliwachungulia dirishani.

Hapa lazima nimtaje jirani yangu, Bi Mwanaidi. Kashata zile alipika yeye. Hakuna aliyemlaumu, lakini baada ya msiba aliacha kabisa kuzipika, akahamia visheti, wala hakumtangazia mtu. Yeye Mwislamu, mimi mlokole, na upendo nimejifunza kwake.

Kisha daktari wa Eliya akatueleza habari za utafiti. Mtoto anapewa unga wa karanga kila siku, kidogo mno, anaongezewa polepole ili mwili uzoee. Ndugu zangu! Nimlishe mwanangu kitu kilichomuua dada yake?

Dada mmoja wa maombi akaniambia, "Mama Eliya, shtuka! Hao wanawafanyia majaribio watoto wetu wa uswahilini."

Bi Mwanaidi akasema, "Mwanangu, usikatae wala usikubali kwa maneno ya watu. Twende tukamuulize huyo daktari mpaka atuchoke."

Tukaenda. Nikauliza, "Akizidiwa?"

"Anaweza kuzidiwa, mama," daktari akajibu. "Ndiyo maana kila tunapoongeza anakaa hapa, sindano ya dharura ikiwa tayari, na ya kukaa nayo nyumbani mtapewa. Siahidi kwamba atapona. Mkikataa, nitaendelea kumtibu vilevile. Mkianza, mnaweza kuacha siku yoyote."

Bi Mwanaidi akadakia, "Na wewe ukituchoka?"

"Nimeshachoka, bibi, lakini nipo."

Tukacheka wote. Ndugu zangu, sijawahi kuambiwa ukweli wote namna ile bila kusukumwa. Daktari yule namheshimu sana!

Nilifunga, nikaomba ishara. Ishara sikupata. Ila asubuhi moja niliamka, hofu ipo, lakini hainifungi tena. Huko ndiko kufunguliwa kwangu! Mimi na baba yake tukakubali.

Mwisho wake siujui, sitawadanganya. Lakini kama yupo mzazi hapa aliyefungwa na hofu, namsihi amtegemee Bwana, na maswali yake ayaulize yote. Asante Yesu!

Jumatatu iliyopita Eliya alipewa uji wenye unga ule kwa mara ya kwanza. Nesi akawa anamkagua midomo, mimi nimemshika mkono. Muda wa kungoja ukaisha, hakuna kilichovimba.

"Mama, naomba tena," akasema.

Nesi akacheka. "Kesho, bwana mdogo. Kesho atakupa mama."