Jina Nililoandika Kwenye Kadi ya Programu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na nyinyi mlioketi pale karibu na mlango kana kwamba mnataka kutoroka, Bwana asifiwe tena! Mimi ni Zakaria Ouma, nyumbani Uriri, kazi nafanyia Migori mjini. Nimekuja hapa Homa Bay kumshukuru Mungu kwa sababu ya ng'ombe wa maziwa wa mama yangu na baiskeli moja kuukuu. Msicheke bado.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Sijaajiriwa na mtu. Shule za sekondari huniletea alama za wanafunzi, mimi nawatengenezea programu ya kutoa ripoti, walimu wanaacha kuumiza vidole. Seremala ana randa. Na mimi randa yangu ni programu nyingine, ile ya kuundia programu. Niliinunua halali kwa pesa ya tumbaku ya shamba letu. Ilikuja kwenye boksi zuri, na ndani kulikuwa na kadi ya kujaza jina na kurudisha kwa posta.

Wakati huo sikuwa nimeokoka. Nilikuwa mtu wa dansi na pombe. Mnajua pakruok yetu: mtu anatoa pesa, muziki unasimama, anajisifu mbele ya watu kwa majina makubwa makubwa. Langu lilikuwa Nyati wa Lambwe. Na Lambwe yenyewe nilikuwa nimepita mara moja tu, tena nikiwa nimelala ndani ya gari! Basi kadi ilipouliza jina, nikaona Ouma ni jina la kuitwa na mama. Watu wa mbali wanijue vizuri. Nikaandika Nyati wa Lambwe kwa herufi kubwa, nikabandika stempu, nikatuma. Kiburi ni kitu kibaya, wapendwa.

Baadaye Yesu akanipata. Nikabatizwa Zakaria, na Nyati nikamzika. Kanisani sikumtaja hata siku moja, na sababu ni hii. Usiku mmoja, kabla sijaokoka, mzee wa kanisa letu, Mzee Okelo, alikuwa ameegesha baiskeli yake nje ya posho mili, pale tunaposagia mahindi. Niliichukua nikiwa nimelewa chakari, nikaiendesha mpaka mtaroni, gurudumu likakunjika kama chapati. Nikaondoka nikipiga kelele kwamba Nyati wa Lambwe amepita. Kulikuwa na giza, watu wakasikia jina, uso hawakuuona. Miaka yote hiyo Mzee Okelo alikuja kanisani kwa miguu, na mimi nilikuwa nampa mkono kila Jumapili. Ndugu zangu, mkono huo ulikuwa unaniunguza.

Sasa sikieni taabu ilivyokuja. Shule zikanunua kompyuta mpya, na ile programu yangu ya zamani haikuweza kuunda kitu cha kukubaliwa na hizo mpya. Mwalimu mkuu mmoja akaniambia bila kuficha kwamba muhula ukifunguliwa bila ripoti, watatafuta mtu Kisumu. Nikawaandikia wauzaji wa ile programu kule Nairobi kuuliza bei. Wee! Kwa mtu mgeni, toleo jipya lilikuwa bei ya ng'ombe wawili wazuri pale mnadani Ogwedhi. Lakini aliye na toleo la zamani, na jina lake liko kwenye daftari lao, angelipa sehemu ndogo tu, pesa ambayo nilikuwa nayo mfukoni.

Nikafurahi bure. Wakanijibu kwamba Zakaria Ouma hawamjui. Namba ya programu ile ni ya mtu aitwaye Nyati wa Lambwe. Kama ni mimi, nilete barua ya mtu anayeheshimika, anayeweza kushuhudia kwamba hao wawili ni mtu mmoja.

Mchungaji wetu alikuwa akikaa mbali. Aliyeshika muhuri wa kanisa alikuwa Mzee Okelo.

Nikasema, afadhali niuze ng'ombe nilipe bei ya mgeni, kuliko kumwambia Mzee Okelo Nyati ni nani. Kuna mtu alikuwa amejitolea kuninakilia toleo jipya bure, kwa wizi, na nusura nikubali. Nyumbani tulikuwa na ng'ombe wawili tu: mtamba wangu, na yule wa maziwa wa mama. Maziwa hayo ndiyo sukari yetu, ndiyo chumvi yetu. Nikamwambia mama yote. Hakubisha. Alichukua kamba, akamfunga ng'ombe wake mwenyewe, akanikabidhi. Kisha akanitazama.

"Zakaria, huyo Nyati ndiye aliye na deni kwa watu. Mbona unauza ng'ombe wangu ili umfiche?"

Ndugu zangu, nilifungua ile kamba. 

Jumapili hiyo nikasimama mbele ya kanisa. Nilieleza dansi, nikaeleza kadi, watu wakacheka. Nikaeleza baiskeli, wakageukia benchi la wazee. Sikuthubutu kumtazama Mzee Okelo. Nilimsikia tu akija, pole pole, maana goti lake moja lilikuwa bovu kwa kutembea.

Akasema, "Nilijua tangu siku ile unabatizwa, nilipoisikia sauti yako. Nilikuwa nangoja uniambie wewe mwenyewe."

Nililia kama mtoto, siwafichi. Naye akaomba karatasi, akaandika pale pale, akapiga muhuri.

Nikatuma barua na pesa Nairobi, na diski za toleo jipya zilifika kabla muhula haujafunguliwa. Nafanya kazi na shule zile mpaka leo. Mtamba wangu ana mimba, na asubuhi hii kabla sijatoka nilikunywa chai yenye maziwa ya ng'ombe wa mama. Baiskeli ya Mzee Okelo niliitoa darini kwake, nikaitengeneza kwa malipo ya shule ya kwanza. Gurudumu ni jipya. Kengele ni mpya. Jumapili anafika kanisani mapema kuliko sisi wote na kutukemea kwa kuchelewa. Asante Yesu!

Na wewe uliyeketi hapa, kama kuna jina lako ulilolizika, Mungu analo tayari. Mwamini. Lifukue mchana, mbele ya watu, hata kama lina aibu. Mimi ile bahasha ya Nairobi nimeihifadhi ndani ya Biblia yangu, hii hapa, sogeeni muione. Juu yake wameandika kwa mashine: Kwa Bwana Zakaria Ouma, ambaye zamani alikuwa Nyati wa Lambwe.