Mama wa Mgombea

Basi la kwanza asubuhi ya uchaguzi lilikuwa na kelele kama linapeleka watu harusini. Mbele yangu fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa akizungumza na mama asiyemjua, aliyekumbatia kitambulisho chake.

"Kura yangu nampa yule mwalimu kijana," fundi alisema.

"Yule ni mwanangu wa kumzaa."

Fundi nusura aruke. "Hongera, mama! Basi tayari ana kura mbili!"

"Nani kakwambia yangu anayo? Ameahidi maji kata nzima, na bomba la jikoni kwangu linavuja tangu mwaka jana."

Basi zima likacheka. Mimi nilijifanya natazama nje, nisionekane nawasikiliza.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mama. Utamwangushaje?"

"Ndiyo maana sikupata usingizi," alisema. "Furaha ninayo, baba, tele. Lakini nikimpa kwa kuwa ni wangu tu, nitakuwa nimechagua nini?"

Basi likasimama mbele ya shule. Foleni ilishafika barabarani.

"Sasa unampa, humpi?" fundi akauliza.

"Kura ni siri." Akashuka mbio, kisha akageuka. "Ila wewe usije ukabadili yako!"