Komeo la Banda la Kuchinjia

Sogeeni wanangu, mnisikilize kwa masikio yote, maana sauti hii inakwisha na sina nyingine. Nyundo, wewe mkubwa, kaa huku kichwani. Maswali, kitinda mimba wangu, na hiyo bendeji yako, kaa miguuni. Dada yenu akae katikati kama alivyoingia katikati siku ile, kwa sababu bila yeye leo ningekuwa na mwana mmoja kaburini na mwingine jela.

Mali yangu mnaijua: banda la kuchinjia, visu vyake, kulabu zake, na bucha ya mbele. Nimechinja tangu sijaota ndevu, na sitaki kufa nikijua kwamba damu ya wanangu itamwagika sakafuni palepale nilipoosha ya ng'ombe maisha yangu yote.

Babu yenu alifia humo bandani. Fahali alikata kamba, akamtia pembe chini ya kitovu, akamnyanyua juu sisi tukiona. Baba yenu mdogo akachukua shoka ili amponde fahali yule, si kumchinja, kumponda tu kwa hasira, na babu yenu, utumbo ameushika kwa mikono yote miwili, akamkemea: "Mwenye hasira asishike chuma! Tundika aproni!" Hakusema neno jingine tena. Ndipo tukapigilia ule msumari mlangoni, na tangu hapo aliyeamka vibaya anatundika aproni yake, anashinda akisomba maji, wala hakuna anayemuuliza kitu.

Hilo mnalotoana roho kwa ajili yake mimi nimelibeba tangu siku ile. Kama Mungu yuko kila mahali, basi alikuwa bandani na aliitazama pembe ikiingia. Kama kila kitu ni Mungu, anavyosema Maswali, basi pembe ilikuwa Mungu na tumbo lilikuwa Mungu, na mimi sikujua nimlilie nani wala nimlaumu nani. Nimeyageuza yote mawili miaka na miaka huku nikichuna ngozi, na hakuna lililomrudishia babu yenu utumbo wake.

Sasa nyinyi. Maswali alisema kwamba ng'ombe aliyening'inia, kisu, na sisi sote ni Mungu yuleyule. Nyundo ukasema hiyo ni kufuru, Mungu yuko kila mahali lakini si kila kitu. Maswali akacheka, na wewe kuchekwa hukuwezi tangu unanyonya. Hukutundika aproni. Ulimkaba mdogo wako, ukamlaza juu ya gogo la kukatia mifupa, ukamkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, naye kwa mkono wa kulia akakutia kulabu begani, akavuta mpaka nyama ikafunguka. Dada yenu alipovunja mlango kwa shoka aliwakuta mnateleza kwenye damu yenu wenyewe, mnang'atana kama mbwa.

Nyundo, unasema ulikuwa unamtetea Mungu. Mbona ulianza kwa kufunga komeo? Ulikuwa unajificha nani asikuone, ilhali huyo unayesema yuko kila mahali mlikuwa naye humo ndani? Nijibu! Usiitazame sakafu.

Na wewe Maswali, chuma kilipogusa mfupa uliita "Baba!" Nilikusikia nikiwa hapa kitandani, nikashindwa kuinuka, na hilo limeniuma kuliko ugonjwa. Kama vyote ni kimoja, ulikuwa unamwita nani?

Mnataka kujua kama maneno yenu yanaweza kukaa nyumba moja. Yanakaribiana sana. Anayesema Mungu yuko kila mahali hawezi kumtoa ndani ya ng'ombe, wala ndani ya mdogo wake. Hapo Maswali amesema kweli. Lakini mimi naumwa, wanangu, na kama Mungu ndiye mimi na ndiye maumivu yangu, basi niko peke yangu kwenye kitanda hiki, nami naogopa kufa peke yangu. Nataka awepo wa kukaa nami. Hapo namfuata Nyundo. Zaidi ya hapo sijui, na nyinyi hamjui, na kwa jambo msilolijua mmekatana kama nyama!

Basi nausia hivi. Banda ni la dada yenu, na lile komeo aling'oe, alitupe. Kisu changu kirefu ni cha Maswali. Nyundo atashika kichwa cha mnyama, kila siku, ameinama, shingo yake wazi karibu na kisu cha mdogo wake. Na bucha mtagawana...

Ngojeni. Nani amefunga mlango wa chumba hiki? Niliagiza uachwe wazi.

Maswali, wewe ndiye uliyeingia mwisho. Na ukuta ule ninapotundika kisu changu kirefu ni mtupu tangu asubuhi, nami nilinyamaza nikidhani utakirudisha. Kitoe chini ya shati. Nyundo, kaa! Binti yangu, usimshike, aache mwenyewe. Mwanangu, tazama, kaka yako hana kitu mkononi na bega lake bado bichi. Ukisema kila kitu ni Mungu, Mungu ndiye huyo unayetaka kumchoma. Na kama kaka yako ndiye asemaye kweli, Mungu anakutazama. Shika lolote kati ya hayo. Yote yanakukataza.

Kilete. Kiweke hapa kifuani... ndiyo. Kizito, kumbe. Lia tu, lia.

Kesho tundikeni aproni, nyote wawili. Mkasombe maji. Wewe huna vidole, yeye hana bega... ndoo moja, mshike pamoja. Mnizike mkiwa mmeshaosha banda.

Radhi yangu mnayo. Mungu awe nanyi, awe ndani yenu... vyovyote alivyo, asiwaache. Nipeni mikono. Huu wa nani? Una vidole vitatu... haya, na wa kaka yako, juu yake.

Binti yangu... mlango. Fungua. Zaidi... uache hivyo.