Mwaka Ulianza na Mvua

BIBI NYAMIZI: Haloo, nani tena huyo? Subiri, niweke jembe chini... Haya, sema.

EZEKIA: Bibi! Heri ya mwaka mpya! Ni mimi—

BIBI NYAMIZI: Mimi nani? Akina mimi wako wengi.

EZEKIA: Ezekia, mjukuu wako wa Tabora!

BIBI NYAMIZI: Ezekia wangu alifundishwa kusalimia kwanza.

EZEKIA: Shikamoo, bibi.

BIBI NYAMIZI: Marahaba, mume wangu. Leo umekumbuka una mke Bukene?

EZEKIA: [anacheka] Acha hizo, bibi. Sasa sikukuu yote hii, jembe la nini?

BIBI NYAMIZI: Magugu hayaendi kanisani. Una shida gani?

EZEKIA: Sina shida! Nimeweka malengo ya mwaka. Kulikuwa na semina hapa mjini, mwalimu akasema malengo umtamkie mtu unayemheshimu—

BIBI NYAMIZI: Ukanipigia mimi? Hiyo heshima imeanza lini?

EZEKIA: Bibi bwana! Sikiliza. La kwanza, kuamka saa kumi na moja alfajiri.

BIBI NYAMIZI: Leo umeamka saa ngapi?

EZEKIA: Leo... naanza kesho.

BIBI NYAMIZI: Ehe. La pili?

EZEKIA: Kunywa maji ya kutosha kila siku.

BIBI NYAMIZI: Maji.

EZEKIA: Ndiyo, kwa ajili ya afya—

BIBI NYAMIZI: Ng'ombe wa jirani yangu Masolwa wanakunywa maji kila siku, na hakuna aliyewapeleka semina. Na kiingilio ulitoa?

EZEKIA: Kidogo tu.

BIBI NYAMIZI: Mungu wangu. Mbona sisikii pikipiki? Siku zote ukipiga kuna ngurumo, na abiria wanakugombeza.

EZEKIA: Nime... nimeipumzisha.

BIBI NYAMIZI: Mwenye mali kaichukua.

EZEKIA: [mtandao unakwaruza] Haloo? Sikusikii, bibi.

BIBI NYAMIZI: Umenisikia vizuri sana. Tangu lini?

EZEKIA: Tangu kabla ya Krismasi. Na chumba nilichopanga huku Ng'ambo nacho, mwisho wa mwezi huu natoka. Ndiyo maana lengo la tatu ndilo lenyewe. Bibi, narudi nyumbani. Nalima lile shamba la babu la bondeni. Alisema ni langu, wewe ulikuwepo.

[Jembe linasikika likipiga udongo.]

EZEKIA: Bibi? Upo?

BIBI NYAMIZI: Nipo. Unalima lini?

EZEKIA: Mwaka huu! Si ndiyo kwanza umeanza?

BIBI NYAMIZI: Umeanza kwa nani? Huku mwaka ulianza na mvua ya Novemba, mume wangu. Mahindi yamenifika kiunoni, tuko palizi ya pili. Wewe ndiyo kwanza unakunywa maji.

EZEKIA: Mahindi ya shamba gani?

BIBI NYAMIZI: Nimesimama bondeni.

EZEKIA: Nani kapanda?

BIBI NYAMIZI: Mdogo wako, Suzana.

EZEKIA: Suzana? Yule si ataolewa aende zake? Bibi, lile ni—

BIBI NYAMIZI: Kwenye matanga ya babu yako, wewe ulisema nini mbele za watu?

EZEKIA: Nilikuwa mtoto.

BIBI NYAMIZI: Mtoto mwenye ndevu! Ulisema jembe ni la washamba. Nikameza. Mvua ya kwanza iliponyesha nikakupigia, nikakwambia njoo, udongo umelainika. Ukajibuje?

EZEKIA: Nilikuwa na abiria—

BIBI NYAMIZI: "Nitakupigia, bibi." Basi leo ndiyo umepiga. Iliniuma, Ezekia. Nililala na simu kifuani kama msichana.

EZEKIA: Nisamehe. Kweli tena. Lakini umempa kwa msimu huu tu, au...

BIBI NYAMIZI: Nimempa mbele ya wazee.

EZEKIA: Moja kwa moja?

BIBI NYAMIZI: Aliamka saa kumi na moja. Hakumpigia mtu kumtangazia.

[Mtandao unakwaruza.]

EZEKIA: Bibi, salio linaisha. Sasa mimi nifanyeje?

BIBI NYAMIZI: Suzana anatafuta vibarua wa palizi. Nimwambie?

EZEKIA: Nikawe kibarua kwenye shamba la babu yangu?

BIBI NYAMIZI: La Suzana. Unakuja, huji? Jua linapanda.

EZEKIA: Nakuja. Kesho, treni ikiwepo. Mwambie aniwekee jembe la babu, lile la mpini mwekundu, mimi lile ndilo—

[Simu inakatika.]

BIBI NYAMIZI: Haloo? Haloo! ... Limeisha. Suzana! Wee Suzana! Kibarua kapatikana! ... Kaka yako! ... Sijui, anasema kesho. ... Anataka la mpini mwekundu! ... Thubutu! Hili ninalo mimi. Mchagua jembe si mkulima. Mwekee lile lililopasuka mpini, na mtungi wa maji pembeni. Maji ndiyo lengo lake.