Koili ya Hamid

Sogeeni karibu, wanangu, Hillary na wewe Emmy, zimeni hiyo redio, maana leo baba yenu hachekeshi mtu. Shamba la Myanga mnajua mipaka yake; asiyeridhika na upande wake aje anililie kaburini, nitamsikiliza vizuri sana bila kumjibu. Ng'ombe ni wa mama yenu. Lililobaki ni ile pikipiki yangu kuukuu, ile isiyozima hata kwenye vilima vya Saboti. Hiyo msiirithi kabla hamjanisikia.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Miaka kumi na moja iliyopita, rafiki yangu Hamid wa Kitale aliniletea hapa Bungoma pikipiki aliyoachiwa na marehemu baba yake, pacha wa hii yangu, nimbadilishie ringi za pistoni. Yangu wakati huo ilikuwa mgonjwa: asubuhi inawaka vizuri, ikishapata moto inazima, kwa sababu koili ya magneto, ile inayozaa cheche ya kuwasha petroli, ilikuwa imechoka, na nyingine kama hiyo haikupatikana popote. Hamid akaniachia injini wazi, akaenda msikitini kwa sala ya Ijumaa. Aliporudi, koili yake nzima ilikuwa kwangu, na yangu mbovu nimemfungia yeye, tena nimeipangusa ikang'aa. Nilijiambia naazima tu, wiki moja.

Ati njia ya mwongo ni fupi! Yangu imekuwa ya kutoka hapa mpaka Kitale, kwenda na kurudi, kila Jumamosi. Sisi wapenda pikipiki za zamani tulikutana uani kwa Hamid kutafuta ugonjwa wa pikipiki yake. Wabwile anaosha kabureta, mwingine anakwangua kutu ya tangi, plagi zinabadilishwa, na mimi, daktari wao, nainamisha sikio nasema, "Ni mafuta machafu, bana." Wakitaka kugusa magneto, nawawahi: "Hamid, pikipiki yako inaogopa kilima kama bwana harusi anavyoogopa mama mkwe!" Wanacheka, spana zinawekwa chini. Na anayecheka zaidi ni Hamid, huku anaisukuma, jasho likimtiririka.

Ningeweza kufa na hilo. Lakini jana Wabwile alinipigia simu kwamba Hamid ameita watu wa vyuma chakavu, wanakuja kesho kuikatakata. Amemwambia, "Nimekubali, Wabwile. Baba hakuniachia hii kitu kwa moyo mweupe."

Mmesikia? Nilidhani nimeiba waya wa shaba, kumbe nimemwibia mtu radhi za baba yake.

Nipeni maji... Sasa, Hillary, chukua spana, ifungue hiyo magneto hapo barazani nikikuona, maana nikiachwa peke yangu nitatafuta utani wa kujiokoa. Leo hii mfike Kitale, koili mkononi. Akiwatukana, msijibu. Akikataa kuja kunizika, msimsihi. Na nyinyi mkimkosea mtu, semeni mngali na pumzi. Mungu awape mikono isiyotamani cha mwenzenu, na... ngojeni... na awape rafiki kama niliyepewa mimi, halafu mumstahili.

Emmy, lete simu. Niwekee sikioni, mkono hauinuki. Inaita...

Hamid? Ndugu yangu. Usicheke kwanza.