Mwalimu Demetria Kokushubila, Aliyetufundisha Homoni

Baba Paroko, masista, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, walimu wenzake, wanafunzi wake wa zamani, majirani zetu wa Pugu, na nyie ndugu mliosafiri kutoka Kagera na kutoka Masasi, poleni na safari, poleni na jua, na zaidi ya yote poleni na msiba. Mimi ni Apolinari Mutalemwa, karani mstaafu, mdogo wake marehemu, ambaye yeye ndiye aliyeniachia ziwa, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, Demetria Kokushubila Mutalemwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Clara, na wanafunzi wake, wakidhani hasikii, walimwita Madamu Homoni.

Karatasi hizi aliziandika mwenyewe mwaka jana, kwani hapa parokiani yeye ndiye aliyekuwa akiwaandikia watu historia za marehemu wao, alikuwa mkali wa tarehe kuliko mimi niliyekaa ofisini miaka thelathini na moja, na naona hakutaka kutuachia kazi hiyo tukaiharibu. Nimeongeza machache ya kwangu, na mwishoni, alipoacha vinukta, nimejaza mimi.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 8 Septemba 1968, katika kijiji cha Kanyigo, mtoto wa kwanza kati ya watano wa Mzee Gregori Mutalemwa na Mama Anna, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, na ni katika miaka hiyo alipoanza kumsumbua kila mtu kwa maswali kuhusu bibi yetu, aliyekuwa na rovu kubwa shingoni, hadi muuguzi mmoja wa zahanati alipochoka akamweleza kwamba shingoni mna tezi inayohitaji madini joto, na ikiyakosa huvimba ikijitahidi kufanya kazi yake. Aliporudi nyumbani alitutangazia sote wakati wa chakula kwamba bibi hajalogwa, amekosa chumvi nzuri, na bibi akamchapa kwa kumdharau mbele ya wageni.

Mwaka 1983 alijiunga na sekondari ya wasichana, akamaliza kidato cha nne mwaka 1986, kidato cha sita mwaka 1989, akalitumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa mwaka mmoja, kisha akaingia chuo cha ualimu mjini Morogoro, akahitimu mwaka 1992 katika masomo ya Baiolojia na Kemia. Tarehe 1 Julai 1992 aliajiriwa Masasi, na Januari 1999 akahamishiwa sekondari moja ya Temeke, alikofundisha hadi ugonjwa ulipomzuia.

Ni Masasi alikokutana na shemeji yangu, Kornelio Nandonde, mchonga vinyago, na hapa sina budi kukiri mbele yake kwamba sie Wahaya tulileta maringo, Mzee Gregori akauliza mara tatu kama kuchonga ni kazi au ni mapumziko, lakini dada alikwisha kuamua, na walifunga ndoa takatifu Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 1995. Mungu akawajalia watoto wawili, Clara, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1996, na Isack, aliyezaliwa tarehe 19 Juni 2000, na wanaojua kuhesabu miezi nawaomba wasihesabu leo.

Shuleni hapakuwa na vifaa vya kufundishia, basi Kornelio akamchongea mkewe kiwiliwili cha mtu pamoja na kichwa chake kwa mti wa mninga, chenye tezi zinazochomoka na kurudishwa, kongosho mahali pake, thairoidi shingoni, pituitari ndogo kama njegere chini ya ubongo, na juu ya kila figo kofia yake, ambazo ni tezi za adrenali. Mwaka 2004 Isack aliimeza ile pituitari, ikapatikana baada ya siku mbili, samahani Baba Paroko, ikaoshwa kwa maji ya moto na kurudi kazini Jumatatu.

Kila aliyepita darasani kwake anakumbuka alivyofundisha, kwamba homoni ni ujumbe unaotolewa na tezi na kusafirishwa na damu, unapita mwili mzima, lakini unasikika kwa aliyeitwa tu, na ili kuonyesha hilo alikuwa akitoka barazani na kuita jina moja kwa sauti kubwa, shule nzima ikasikia, akageuka mmoja. Alifundisha kwamba insulini inafungulia sukari mlango wa kuingia kwenye seli, kwamba adrenalini ndiyo inayokurusha mtaro ukifukuzwa na mbwa, na kwamba kotisoli, inayotoka kwenye zile kofia za figo, ndiyo inayomwamsha mtu asubuhi, kushikilia presha yake na kumsimamisha siku ya homa. Pituitari, alisema, kazi yake ni kuonja damu, ikikuta kotisoli imepungua inaagiza, ikikuta imetosha inanyamaza, na ukimletea mtu kotisoli au mfano wake kutoka nje kila siku, pituitari huacha kuagiza na zile kofia husinyaa, kama jiko la nyumba inayoletewa chakula na jirani, ambalo hakuna anayehangaika kulikoka.

Ndugu waombolezaji, sasa nimefika kwenye ugonjwa, na hapa ndipo kikao cha familia kilipokwama jana. Marehemu hakuwahi kukubali kuandika katika historia ya mtu maneno kwamba aliugua kwa muda mfupi, alikuwa akiuliza aliugua nini, na kama hamtaki kusema basi mnataka nani apone, lakini jana wengi wetu tulitaka tuandike maneno hayo hayo, na aliyeanza kupendekeza ni mimi. Nilifanya hivyo kumkinga Clara. Clara mwenyewe akasimama katikati ya wazee, akaniambia, “Mjomba, shikamoo, lakini usiruke kitu. Mie ndo nilimpa mama. Soma yote.” Basi nasoma yote kama alivyoandika.

Mwezi Novemba 2019 tulimfanyia Clara sherehe ya kuagwa, na kwa kuwa Clara alikuwa na duka la vipodozi Mbagala, alimpa mama yake kopo la mkorogo, krimu ya kuchubua ngozi iwe nyeupe, ili ang'ae kwenye picha, na kweli aling'aa, picha mnazo kwenye simu zenu. Marehemu ameandika kwamba alikusudia kupaka wiki mbili, lakini kila alipoacha siku mbili ngozi iliwaka na kuwasha, akarudi, na akaendelea kupaka mwili mzima kwa zaidi ya miaka mitano, makopo akiyachukua dukani kwa mwanawe na kusema ni ya mwalimu mwenzake. Kopo halikuandikwa kilichomo, na ndani yake mlikuwa na dawa kali ya jamii ile ile ya kotisoli, inayopenya kwenye ngozi hadi kwenye damu. Clara hakujua. Dada ndiye aliyejua somo hilo, na ameandika hivi: “Ukurasa ule nimeufundisha miaka thelathini na mitatu, nikadhani ni wa wanafunzi.”

Jumatano ya Majivu, tarehe 5 Machi 2025, alipokuwa akitafuta sadaka ya kumtolea Mungu katika Kwaresima, sadaka itakayouma kweli, aliamua kuacha mkorogo, akatumbukiza makopo yote chooni, na hakumwambia mtu. Kwa siku chache alifurahi, kisha akaanza kulegea, akapata kichefuchefu, akawa akisimama anaona giza, na sisi sote, nami nikiwa mbele, tukamsifu kwamba mwaka huu amefunga barabara. Ijumaa tarehe 28 Machi, katika Njia ya Msalaba iliyopita mtaani, kituo cha tisa, pale Yesu anapoanguka mara ya tatu, dada naye alianguka, na kwa dakika nzima waumini wakaendelea kuimba wakidhani ni ibada, hadi Mama Nusaiba, jirani yetu Mwislamu aliyekuwa akipita na ndoo yake, alipopiga kelele, “Nyie, huyo mama anakufa, hasali!” Hakukosea, na kwa ajili yake tulipata miezi kumi zaidi.

Hospitalini presha yake ilikuwa chini, sukari chini, na Daktari Jesca akamuuliza mara tatu anatumia dawa gani, mara tatu akajibu hatumii, mara ya nne daktari akamtoa Kornelio nje, na dada akasema kwa sauti ya chini. Kipimo cha kotisoli kilipotoka hakikuhitaji maelezo kwa mwalimu wa Baiolojia, tezi zake zilikuwa zimelala, na mkorogo ulipokatika ghafla hapakuwa na wa kuziamsha. Alipewa vidonge vya kumeza kila siku, akaambiwa tezi huenda zikaamka taratibu, na kwamba akipata homa azidishe dozi, na akitapika vidonge akimbilie hospitali saa hiyo hiyo achomwe sindano.

Jumapili tarehe 8 Februari 2026 aliamka na homa ya malaria, akatapika vidonge mara mbili, na Kornelio akatafuta gari, lakini yeye akasema wasubiri misa iishe, halafu akasema wasubiri jua lipungue, kwa sababu Demetria hakupenda kusumbua watu. Alifikishwa hospitali Jumatatu mchana, waganga walifanya yote wanayoyajua, na Jumanne tarehe 10 Februari 2026, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na saba, alituacha. Mwaka mzima alitaka kusimama kwenye jumuiya awaambie wanawake wenzake habari hii, akashindwa, na ameandika kwamba akiwa hai hana uso wa kuisema, ila akiwa amelala mbele yenu anajua hamtamcheka. Dada yangu, hakuna anayekucheka. Mie nilikupenda mweusi, nikakupenda mweupe, na mara zote mbili sikukuambia.

Familia inamshukuru Daktari Jesca na wauguzi wake, tunawashukuru walimu na wanafunzi wa Temeke, jumuiya yetu, na akina mama wa Kiislamu wa mtaa huu, wakiongozwa na Mama Nusaiba, ambao tangu Jumanne ndio wanaotupikia. Tunamshukuru shemeji Kornelio, aliyemhesabia mkewe vidonge kila asubuhi, na tunamwambia ataendelea kuwa wetu.

La mwisho ni la Clara. Jumatano ijayo ni Majivu, na Ramadhani nayo inaingia siku hizo hizo, na wapo hapa wanawake, na wanaume pia, ambao tangu niliposoma habari za kopo wameapa moyoni kulitupa. Msilitupe leo. Nendeni nalo hospitali kwanza, mumwonyeshe daktari, muache kwa utaratibu atakaowapa, maana kilichomuua dada yangu si kupaka tu, ni kuacha ghafla akiwa peke yake. Katika simu ya Clara mna majina arobaini na matatu ya watu aliowauzia, amekwisha kuwapigia thelathini na mmoja, wengine kumi na wawili hawapokei, pengine kwa kudhani anatangaza mzigo mpya. Kama wewe ni mmoja wao, tukitoka makaburini atakupigia tena. Mpokelee.

Pumzika kwa amani, dada.